"Mipigo" ya Injini: Tunahesabu Nini?

Miongoni mwa tafsiri ambazo wasomaji hutuletea ili zitazamwe, imetufikia moja kutoka Tunduma, Mkoa wa Songwe, ambayo imetupa kazi kubwa kuliko urefu wake. Ni waraka wa kurasa tisa, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaolinganisha aina mbili za pikipiki za magurudumu manne zinazoendeshwa kwenye vilima vya mchanga: zile ambazo injini yake Waingereza huiita *two-stroke*, na zile za *four-stroke*. Mfasiri ni mwalimu wa shule ya sekondari. Ameturuhusu kuuhakiki waraka wake hadharani ila ameomba jina lake lisitajwe, nasi tunamheshimu kwa yote mawili.

Huenda msomaji akauliza: Tunduma na vilima vya mchanga, wapi na wapi? Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya milima, mahindi na kahawa. Jangwa haumo. Mchanga unaohama ulio maarufu hapa nchini ni ule wa karibu na Olduvai, nao ni majivu meusi ya volkano yanayosukumwa na upepo ndani ya eneo la hifadhi. Si uwanja wa pikipiki. Jibu ni kwamba waraka haukufasiriwa kwa ajili ya mchanga bali kwa ajili ya injini. Vijana wanaojifunza ufundi katika karakana moja ya mjini Tunduma waliuona, wakampelekea mwalimu, wakamwomba awafasirie. Sababu yao ni nzuri. Barabarani tofauti ya injini hizi mbili hujificha, mchangani haijifichi. Mchanga laini humnyima dereva nafasi ya kupumzika: injini ikilegea katikati ya mpando, magurudumu ya nyuma huchimba shimo na safari imekwisha. Kwa hiyo mwandishi anayelinganisha injini mchangani hulazimika kueleza kwa uwazi jinsi kila moja inavyozaa nguvu yake, na maelezo ya namna hiyo ni nadra kwa Kiswahili.

Tena vijana hao hawasomi kwa kujifurahisha. Bodaboda za siku hizi karibu zote ni za aina ya pili, ya *four-stroke*. Lakini juu ya benchi lile lile huletwa mabomba ya injini ya kunyunyizia dawa mikahawa ya Mbozi, misumeno ya injini ya wapasua mbao, na pikipiki na bajaji za zamani, ambazo nyingi ni za aina ya kwanza. Aina ya kwanza aghalabu haina mahali pake pa kuwekea oili ya kulainisha kranki na pistoni. Oili huchanganywa na petroli, ikapita pamoja nayo katika chumba cha kranki, kisha ikaungua. Aina ya pili huweka oili yake chini, mbali na petroli, nayo huzunguka humo kwa miezi. Anayetia petroli tupu katika bomba la kunyunyizia dawa ataiua injini kabla hajamaliza shamba: pistoni hupata moto, hupanuka, hukwama ndani ya silinda. Anayetia mchanganyiko katika bodaboda atapata moshi na plagi chafu. Kosa la kwanza ni la gharama ya injini nzima, na mwenye bomba ni mkulima aliyelinunua kwa fedha ya msimu. Basi jina linalotofautisha injini hizi si pambo la kamusi.

Mfasiri ameandika "injini ya mipigo miwili" na "injini ya mipigo minne". (Katika ukurasa wa sita mipigo imegeuka kuwa "mapigo", na katika ukurasa wa nane imerudi kuwa mipigo, msomaji mgeni atadhani ni vitu viwili. Jambo hili ni dogo, lakini mfasiri wa maandishi ya ufundi hana uhuru wa mshairi wa kubadili neno kwa kuwa limemchosha.) Hakulibuni yeye neno hili. Linakutwa katika tafsiri nyingi, na asili yake ni wazi: mtu alifungua kamusi, akaona kwamba *stroke* ni pigo, akaishia hapo. Tushukuru kwamba hakushuka mistari michache zaidi, maana angetuletea injini yenye viharusi vinne.

Mfasiri mwenyewe anatusimulia, katika barua iliyoambatana na waraka, kwamba alipowasomea vijana ukurasa wa kwanza, mmoja wao alimkatiza. "Mwalimu," alisema, "hii ya mipigo minne si ndiyo yenye nguvu maradufu?" Mwalimu akajibu, "La, mwanangu, subiri tufike mbele." Walifika mbele, na kijana hakuelewa. Hatumlaumu hata kidogo. Alisikia Kiswahili kama kinavyosemwa. Pigo kwa Mswahili ni tendo lenye kishindo: pigo la nyundo, pigo la ngoma, mapigo ya moyo. Ukimwambia kwamba injini ina mipigo minne, ataelewa kwamba inapiga mara nne, yaani inaripua petroli mara nne wakati mwenzake anaripua mara mbili. Na apigaye mara nne ana nguvu kuliko apigaye mara mbili. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Kweli yenyewe ni kinyume chake. Katika injini inayoitwa ya mipigo miwili, petroli huripuka mara moja katika kila mzunguko mmoja wa kranki. Katika ile ya mipigo minne huripuka mara moja katika kila mizunguko miwili. Tuseme kranki zote mbili zinazunguka mara 6,000 kwa dakika. Ya kwanza itakuwa imeripua mara 6,000, na ya pili mara 3,000 tu. Aliyepewa namba ndogo ndiye apigaye mara nyingi. Nguvu yake haifikii kuwa maradufu, kwa kuwa sehemu ya petroli mbichi hutoroka na moshi kabla haijaungua. Lakini kwa ukubwa ule ule wa silinda, yeye ndiye mwenye nguvu zaidi, tena ndiye mwepesi.

Waraka wenyewe unatoa ushahidi, na ni ajabu kwamba mfasiri hakuuona ukipingana na istilahi yake. Unalinganisha Yamaha Banshee, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 347, ambayo katika soko la Marekani iliuzwa kuanzia mwaka 1987 hadi 2006, na Yamaha YFZ450, iliyotoka mwaka 2004, yenye silinda moja ya ujazo wa 439. Ya kwanza ni ya "mipigo miwili", ya pili ni ya "mipigo minne". Kiwanda kile kile kiliongeza ujazo kwa zaidi ya robo ili injini ya "mipigo minne" iweze kusimama mchangani mbele ya ile ya "mipigo miwili". Kijana wa Tunduma akizisoma namba hizo pamoja na neno "mipigo" atabaki ameduwaa: mwenye mipigo mingi na tumbo kubwa anahangaika kumfikia mwenye mipigo michache na tumbo dogo! Yafaa ieleweke kwamba Banshee haikuondoka sokoni kwa kushindwa kilimani. Masharti ya Marekani kuhusu moshi wa vyombo vya aina hii, yaliyotangazwa mwaka 2002 na kuanza kutumika kwa vyombo vya mwaka 2006, ndiyo yaliyoifungia mlango.

Ikiwa si mapigo, kinachohesabiwa ni nini basi? Ni mwendo wa pistoni kutoka mwisho mmoja wa silinda hadi mwisho wa pili. Kupanda ni mmoja. Kushuka ni wa pili. Injini ya kwanza humaliza kazi yake yote kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja. Injini ya pili, ile aliyoikamilisha Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876, huhitaji kushuka, kupanda, kushuka na kupanda tena. Hapa hatuna budi kumsifu mfasiri. Kazi nne za injini amezieleza kwa vitenzi vinne ambavyo hata mtoto atavishika: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Laiti angeviacha vitenzi hivyo vimwongoze hadi kwenye jina.

Wako watakaosema, na wenzetu ofisini wamekwisha kusema: kama kazi ni nne, tuite "injini ya hatua nne". Kwa injini ya Otto neno hilo lingetosha. Likihamishiwa kwa mwenzake linavunjika. Injini ndogo haikupunguziwa kazi zikabaki mbili. Kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa zote zimo, ila zimebanwa katika mwendo mmoja wa juu na mmoja wa chini, mbili mbili kwa pamoja. Ukiiita ya hatua mbili, mwanafunzi atakuuliza ni hatua zipi zilizoondolewa, nawe hutakuwa na jibu. "Mwendo" wenyewe, ambao tumeutumia katika maelezo, haufai kuwa istilahi. Katika pikipiki mwendo ni kasi, na "pikipiki ya miendo minne" itaeleweka kuwa ni ya gia nne.

Sisi tunapendelea *safari*. Msomaji asishtuke. Hatusemi safari ya kwenda Dar es Salaam. Tunasema safari kwa maana anayoitumia mchotaji maji anaposema amejaza pipa kwa safari sita, au mbebaji wa pale mpakani Tunduma anaposema gunia hizi zitakwisha kwa safari nne. Hapo safari ni kwenda kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukiwa na kazi mkononi, na idadi ya safari haimwambii mtu nguvu ya mbebaji. Inamwambia tu kazi imechukua safari ngapi. Ndiyo maana hasa ya injini hizi. Mbebaji amalizaye kwa safari mbili si dhaifu kuliko amalizaye kwa safari nne. Aghalabu ni kinyume chake, na hapo neno linaelekeza akili ya msikilizaji upande uliosahihi badala ya kuipotosha. "Injini ya safari mbili", "injini ya safari nne": umoja na wingi wake ni mmoja, halihitaji upatanisho mgumu, na Mnyiha au Mnyamwanga aliyejifunza Kiswahili sokoni analijua tayari.

Pingamizi moja lina uzito. Mafundi wa Tunduma hawasemi mipigo wala safari. Wanasema "tu-stroki" na "foo-stroki", na kwenye kopo la oili wanasoma "tuu-tii". Kwa nini tuwasumbue? Hatutaki kuwasumbua. Kwa maoni yetu "tu-stroki" ya fundi ni bora kuliko "mipigo miwili" ya kitabu, kwa kuwa neno lisilo na maana ya awali halidanganyi. Hata hivyo, halifundishi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa jina tupu alikariri, na asiyekariri vema hubadilisha oili. Ile T ya kwenye kopo nayo ina kisa. Haimo katika jina la Kiingereza hata kidogo. Inalingana na *temps* ya Wafaransa, *tempi* ya Wataliano na *Takt* ya Wajerumani, ambao wote wanahesabu vipindi, kama mpiga muziki anavyohesabu. Mafundi wa Lubumbashi, ambako malori mengi yanayovuka Tunduma huelekea, wamerithi hesabu hiyo kwa Kifaransa. Yaani Waingereza walitazama urefu ambao pistoni inasafiri, na wenzao wa bara la Ulaya walitazama zamu zinazopita. Hakuna aliyetazama kishindo. Sisi peke yetu ndio tuliotafsiri kishindo, kwa kuwa tulitafsiri neno na si kitu.

Kuna mahali katika waraka ambapo upungufu huu unaweza kumfikia dereva mwenyewe. Mwandishi anaonya kwamba kwenye mteremko mrefu wa mchanga injini ya aina ya kwanza haisaidii sana kuzuia chombo, na kwamba dereva akifunga mafuta kabisa huku injini ingali inazunguka kwa kasi, petroli hukatika na oili iliyomo ndani yake hukatika pamoja nayo. Pistoni hubaki inasugua kavu. Mfasiri ameandika "breki ya injini ni hafifu katika mipigo miwili", jambo ambalo ni kweli, kisha sentensi ya oili akaifupisha hadi ikatoweka. Kwa nini aliona haina uzito? Tunadhani ni kwa sababu jina alilolichagua halimkumbushi kwamba injini hii hulainishwa na kile inachokunywa. Mwenye pikipiki ya zamani anayeteremka Senjele angeifaidi sentensi ile kuliko mwendesha pikipiki wa jangwani. Irudishwe.

Kadhalika uwiano wa mchanganyiko. Waraka unasema "changanya 32:1", na mfasiri ameuacha vivyo hivyo kwa tarakimu. Hapa uaminifu kwa maandishi asilia haumfai mtu. Msomaji wake anapima kwa dumu la lita 20, na 32:1 kwenye dumu hilo ni mililita 625 za oili. Kwa 40:1 ni nusu lita, kwa 50:1 ni mililita 400. Nusu lita ni chupa ndogo ya maji ya kunywa, nayo imo katika kila karakana. Kama angeandika "oili sehemu 1, petroli sehemu 32, yaani mililita 625 kwa dumu la lita 20", asingekuwa amekiuka lolote, na asingempa mtu nafasi ya kugeuza namba hizo kichwani akiwa na haraka. Kila chombo kina uwiano wake uliowekwa na kiwanda, na hilo nalo lingefaa kusemwa katika mstari uo huo.

Maneno mengine tutayapitia upesi. Kiwango cha mizunguko ambacho nguvu ya injini ya aina ya kwanza huzuka ghafla kimeitwa "mkanda wa nguvu". Fundi akielezwa kwamba mchangani asiuache mkanda wa nguvu, atatafuta mkanda wa mpira na kuukaza. Afadhali kusema kwa urefu: "mizunguko yenye nguvu". Jina "pikipiki za michezo" nalo linanuka duka la vitu vya watoto. Kwa kuwa lengo ni kuzitenga na zile za kazi za shamba, tuseme "za mbio", kama tunavyosema farasi wa mbio. Tairi za nyuma zenye mbavu ndefu za kusukuma mchanga ameziita "tairi za makasia". Amekaribia sana. Lakini kasia ni la mashua, hufungwa ubavuni na kuvutwa. Kile ambacho wavuvi wa mitumbwi hushika mkononi na kuchotea maji nyuma ni kafi, na mbavu za tairi hizo hufanya kazi ya kafi. "Tairi za makafi" litamwingia mtu wa Ziwa Rukwa bila maelezo.

Liko na "tuta la mchanga". Neno hili tumelikuta kwingine pia, na pengine katika kitabu cha jiografia halina madhara. Katika Wilaya ya Mbozi tuta ni la viazi, na barabarani ni lile la kupunguzia kasi magari. Mfasiri ameandika "mbinu za kupanda matuta", na tunaamini kwamba mkulima yeyote wa Songwe atakayeliona kichwa hicho atanunua waraka akitegemea ushauri wa mbegu. "Kilima cha mchanga" kinatosha, na "fungu" tuwaachie mabaharia, ambao kwao ni mchanga wa ndani ya maji.

Gumu kuliko yote limebaki, nalo hatuna jibu lake. Kilima cha mchanga kina upande mmoja mpole, ambao upepo huupanda, na upande wa pili mkali, ambao mchanga huporomokea kwa mwinamo wa nyuzi zipatazo 30 na kitu. Pande hizi hukutana juu katika mstari mkali kama ubavu wa jembe. Dereva anayepanda haoni kilicho ng'ambo. Wako wanaoumia mchangani kwa kuuruka mstari huo kwa kasi. Mfasiri ameuita "kilele". Kilele ni mahali pa kufika na kupumzika, na neno hilo linamwalika dereva aongeze mafuta. Tumefikiria "ukingo", lakini ukingo wa mto ni mahali pa kusimama. Tumefikiria "mgongo", nao ni wa mviringo mno. Katika eneo la Sharqiya, Oman, pembezoni mwa mchanga wa Wahiba ambako vyombo hivi hukodishwa kwa wageni, wamo wazee na vijana wanaozungumza Kiswahili tangu siku za Unguja, na mstari huo wanauona kila kukicha. Kama wana neno lake, tunaomba watuandikie.